Kumsomea mtoto nyumbani: mwongozo kamili, tangu kuzaliwa hadi darasa la kwanza

Sikiliza maneno anayoambiwa mtoto mdogo kutwa nzima: njoo, kaa, kula, acha, vaa kandambili, usiguse jiko. Yote ni ya lazima, lakini ni machache, na mengi ni amri. Sasa chukua hadithi ya kurasa nane tu. Mna kichaka, ukingo wa mto, kunyata, kuchungulia, kughafilika. Mna sentensi ambazo amri haina: “Sungura alipofika kisimani, akakuta maji yamekauka.” Ndani ya sentensi hiyo moja kuna jambo lililotangulia jingine, kuna mshangao, na kuna swali linalosubiri jibu. Mtoto aliyezoea kusikia sentensi za namna hiyo hapati taabu anapokutana nazo kwenye kitabu cha shule, wala anapotakiwa kumweleza mwalimu kwa nini amechelewa.

Faida nyingine haionekani upesi. Mtoto anajifunza kwamba kitabu kina mbele na nyuma, kwamba yale madoa meusi ndiyo yanayosomwa na picha haisomwi, kwamba mstari unaanzia kushoto na ukiisha unashuka chini. Anayekwenda madrasa atajifunza pia kwamba juzuu inafunguliwa upande wa pili na kusomwa kutoka kulia. Baadhi ya wazazi huhofu kwamba mambo mawili yatamchanganya. Akiwa na vitabu vyote viwili mbele yake, na kila kimoja anakiona kikisomwa kwa taratibu yake, anatofautisha bila shida.

Lakini faida kubwa kuliko zote inatokana na mazungumzo yanayofanyika juu ya kitabu, na hapa ndipo wazazi wengi wanapopoteza nguvu zao. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya watoto wa miezi 21 hadi 35. Makundi yote mawili ya wazazi waliwasomea watoto wao kwa mwezi mmoja. Kundi moja lilisoma kama lilivyozoea. La pili lilifundishwa kuuliza maswali ya wazi, kurefusha majibu ya mtoto na kumpa nafasi ya kusema. Watoto wa kundi la pili ndio waliotoka na maneno mengi zaidi na sentensi ndefu zaidi. Kwa hiyo mzazi anayesoma kurasa nne na kuzungumza na mwanawe amefanya kazi kuliko anayemaliza kitabu kizima huku mtoto amekaa kimya.

Lugha gani?

Swali hili huulizwa kwanza Dar es Salaam na Nairobi, na huulizwa kwa wasiwasi, hasa mtoto akiwa anaandaliwa kwa shule ya mchepuo wa Kiingereza. Jibu letu halina kona: msomee kwa lugha unayoweza kutania nayo. Kama Kiingereza chako kinatosha kusoma maandishi lakini hakitoshi kumwambia mtoto “mwone huyu mbuzi alivyo na kiburi”, basi ukikitumia utasoma tu, na yale mazungumzo yatakufa. Mtoto atabaki na maneno ya kwenye karatasi ambayo hana pa kuyafanyia mazoezi.

Kama nyumbani mnaongea Kisukuma, Kichaga au Kikamba, na kitabu kilichopo ni cha Kiswahili, soma sentensi kwa Kiswahili kisha zungumzeni picha kwa lugha ya nyumbani. Haipungui kitu. Anayejua jina la jambo kwa lugha moja analipata upesi kwa lugha ya pili, maana jambo lenyewe ameshalielewa. Kwa familia zilizoko Muscat au Minneapolis, ambako mtoto anasikia Kiswahili kwa watu wawili au watatu tu, kitabu cha Kiswahili ni cha thamani zaidi. Huko mwombe bibi aliyeko nyumbani arekodi hadithi kwa sauti ya WhatsApp, ukurasa mmoja kwa ujumbe mmoja, nawe ukae na kitabu hicho hicho ukifunua kurasa.

Vitabu vipatikane wapi

Vitabu vitano vinatosha kuanzia. Mtoto chini ya miaka mitatu anataka kurudia, kwa hiyo maktaba ya vitabu hamsini haimsaidii kuliko vitano vilivyochaguliwa vizuri.

Kwa wa chini ya mwaka mmoja na nusu, tafuta vya kadibodi, vyenye picha kubwa moja kila ukurasa. Karatasi laini ataichana, na hana kosa. Vidole vyake bado havijajua kushika ukurasa mmoja. Kwa wa miaka miwili hadi mitatu, angalia sentensi moja au mbili kila ukurasa, na picha ambayo ukiiangalia bila maneno unaelewa kinachotokea. Hicho ndicho kipimo kizuri dukani: ziba maandishi kwa kiganja, tazama picha tano za mwanzo. Kama wewe mtu mzima huoni hadithi, mtoto hataiona. Kwa wa miaka minne na mitano, aya fupi zinafaa, na hadithi iwe na tatizo linalotatuliwa.

Maktaba hazitumiki inavyostahili. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, ina sehemu ya watoto, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina matawi mikoani. Kenya kuna maktaba za umma katika kaunti nyingi. Uliza masharti ya uanachama wa mtoto kabla hujanunua chochote.

Kwenye simu, tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ina hadithi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na inaruhusu kupakua na kuchapa bure. StoryWeaver ya Pratham Books ya India ni ya namna hiyo hiyo. Hadithi zimepangwa kwa ngazi, kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi ndefu. Soma peke yako kwanza. Baadhi ya tafsiri ni ngumu kama kuni mbichi, na ukikutana na sentensi isiyotamkika, ibadilishe kwa mdomo wako, hakuna atakayekukamata. Kisha nenda stesheneri ukaichapishe nyeusi na nyeupe. Karatasi ni bora kuliko simu kwa sababu moja ya kawaida kabisa: simu ina video, na mtoto anajua hivyo.

Kutengeneza kitabu chako

Kitabu ambacho mtoto huwa hakiachi mara nyingi ni kile chenye yeye mwenyewe ndani. Unahitaji karatasi 4 za A4, kipande cha boksi la biskuti kwa jalada, shazia au sindano nene, uzi wa nailoni wa urefu wa sentimita 60 hivi, na maka peni nyeusi.

Panga karatasi zote 4 pamoja, zikunje katikati mara moja, ufinye mkunjo kwa ukucha au mgongo wa kijiko. Sasa una kurasa 16. Kata boksi kwa ukubwa wa A4, likunje vilevile, liweke nje. Fungua, na kwenye mkunjo toboa matundu matatu: moja katikati, mengine mawili sentimita 6 juu na chini yake. Toboa yote kwa pamoja, boksi na karatasi, la sivyo matundu hayatakutana. Anza kushona ndani: ingiza sindano kwenye tundu la katikati itokee nje, uache mkia wa uzi wa kutosha kufunga. Rudi ndani kwa tundu la juu. Pita kwa ndani moja kwa moja hadi tundu la chini, utokee nje. Rudi ndani kwa tundu la katikati. Hakikisha ncha mbili ziko pande mbili za ule uzi mrefu uliolala kwenye mkunjo, kisha zifunge fundo juu yake. Stepla nayo hushika, lakini pini zinafunguka na kuchoma vidole, na mtoto wa mwaka mmoja huweka kila kitu mdomoni.

Jalada ni jina. Ndani, sentensi moja kila ukurasa: “Neema anaamka.” “Neema anapiga mswaki.” “Neema anakunywa uji.” Weka jina la mwanao. Sentensi zikifanana umbo, baada ya siku chache mtoto ataanza kumalizia mwenyewe. Andika kwa herufi ndogo kama zinavyofundishwa shule, herufi kubwa ikianza jina na sentensi tu. Wazazi wengi huandika kila kitu kwa herufi kubwa kwa kuona ndiyo rahisi, halafu mtoto anafika darasani akikuta “a” ambayo haifanani hata kidogo na “A” aliyoizoea. Herufi ziwe na kimo cha sentimita moja, na kati ya neno na neno acha nafasi ya kidole chako. Maka peni hupenya karatasi nyembamba, kwa hiyo picha na maneno yakae ukurasa wa kulia tu, au tumia kalamu ya kawaida na kukoleza mara mbili.

Picha zinaweza kuwa za kalenda ya zamani, za pakiti za bidhaa, au picha za familia zilizochapishwa. Usibandike kwa uji wa unga wa ngano kama una mende au panya ndani. Watakula kitabu kabla ya mwezi kuisha. Tumia gundi ya dukani, kisha pitisha selotepu pana kwenye kingo za jalada.

Muda na mahali

Dakika kumi kwa siku. Kwa mtoto wa chini ya mwaka, tatu au nne zinatosha. Saa inayofaa ni ile ambayo tayari ina jambo la kudumu: baada ya kuoga jioni, au mara tu baada ya chakula cha usiku. Usiingoje saa ya kulala kabisa kama mwanao husinzia ghafla, maana utasoma kwa mtoto anayelia usingizi, na kitabu kitaanza kufanana na adhabu.

Zima televisheni, usiipunguze sauti tu. Picha zinazotembea zinamvuta hata bila sauti. Kaa chini kwenye mkeka au jamvi, mtoto mapajani au ubavuni, wote mkiuona ukurasa. Taa itoke nyuma ya bega lako ili kivuli kisianguke kwenye kitabu. Mtoto wa wiki za mwanzo huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, kwa hiyo ukurasa uwe karibu hivyo, na picha iwe na rangi zinazogombana: nyeusi juu ya nyeupe, nyekundu juu ya njano.

Wakiwa watoto wawili au watatu wa umri tofauti, soma hadithi ya mkubwa kidogo, na swali la kila mmoja liwe la kwake. Mdogo anaonyesha kwa kidole, mkubwa anaeleza. Ukisoma hadithi ya mdogo kila siku, mkubwa ataondoka, na akiondoka mdogo atamfuata.

Jinsi ya kusoma, hatua kwa hatua

Kitabu kimoja kinasomwa angalau mara tatu kwa siku tatu au zaidi, na kila mara kazi ni tofauti.

Siku ya kwanza, anza na jalada. Taja jina la kitabu huku kidole kikipita chini ya maneno. Muulize anaona nini. Kisha itieni hadithi mlango kwa desturi yetu wenyewe: unasema “Paukwa!”, anajibu “Pakawa!” Hata wa miaka miwili anaweza kujibu, na jibu hilo linamjulisha kwamba sasa kinachokuja kinasikilizwa kwa namna nyingine. Soma hadithi kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatiza sana. Badili sauti: fisi mzito, sungura wa haraka haraka. Neno gumu lifafanue papo hapo kwa maneno matatu au kwa kitendo: “akanyata”, ukionyesha vidole vyako vikitembea polepole mgongoni mwake. Usisimame kutoa somo.

Siku ya pili ndiyo ya mazungumzo. Chukua ukurasa wenye mbuzi anayekula kanga ya bibi iliyoanikwa kwenye kamba. Mazungumzo yanakwenda hivi, na mtoto ana miaka miwili na nusu:

“Haya baba, huyu anafanya nini?”
“Kula.”
“Eee, mbuzi anatafuna. Anatafuna nini?”
“Nguo.”
“Anatafuna kanga ya bibi. Kanga ilikuwa wapi?”
(Kimya.)
“Kamba.”
“Ndiyo, ilikuwa imeanikwa kwenye kamba. Sasa bibi akija?”

Angalia kilichofanyika. Mzazi hakumwambia “siyo kula, ni kutafuna”, wala “siyo nguo”. Alikubali, akarudisha jibu likiwa refu kidogo kuliko lilivyokuja. “Kula” ikarudi “mbuzi anatafuna”. “Kamba” ikarudi “ilikuwa imeanikwa kwenye kamba”. Hatua iwe ya maneno machache tu. Ukirudisha sentensi ya maneno kumi, mtoto hawezi kuikamata.

Angalia pia ule ukimya. Baada ya kuuliza, hesabu moyoni moja hadi tano kabla hujasema tena. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani, na mzazi wa kawaida anajibu swali lake mwenyewe akiwa amefika mbili. Mtoto wa miaka miwili anatafuta neno, analipanga mdomoni, kisha analitoa, na kazi hiyo haitaki haraka. Hesabu tano. Asipojibu, jibu wewe kwa furaha na msonge mbele.

Swali la mwisho, “sasa bibi akija?”, halina jibu kwenye picha. Maswali ya namna hii ndiyo yanayomfanya afikiri, lakini yakiwa mengi yanachosha. Mawili au matatu kwa kitabu kizima yanatosha. Maswali ya “hii ni nini?” na “rangi gani?” yatumie kwa wadogo, mtoto wa miaka minne ukimwuliza rangi ya mbuzi kila ukurasa atakuona hujui kitu.

Siku ya tatu, mwachie mtoto nafasi za kumalizia. “Mbuzi akatafuna…” nawe unanyamaza. “Kanga!” Kisha mfungulie kitabu na umwambie akusimulie yeye. Ataruka kurasa, atachanganya mwisho na mwanzo, ataongeza mjomba ambaye hayumo. Mwache. Pia unganisha na maisha yake: “Wewe uliona mbuzi kwa nani?” Kesho yake, wakati wa kuanua nguo, neno “kuanika” litakuja lenyewe, na hapo umelifunga kabisa.

Umri kwa umri

Kuanzia kuzaliwa hadi miezi sita, mtoto anasikiliza mapigo ya sauti. Soma chochote, hata gazeti, lakini kwa sauti ya kubembeleza, ukimtazama usoni katikati ya sentensi. Madaktari wa watoto wa Marekani kupitia chama chao walitoa tamko mwaka 2014 la kuwahimiza wazazi waanze kusoma tangu uchanga, na sababu walizotoa ni kukuza ubongo na lugha ya mtoto na kuimarisha ukaribu wake na mzazi.

Miezi sita hadi kumi na miwili atakitafuna kitabu. Mpe kimoja cha kutafuna huku unasoma kingine. Taja kitu, nyamaza, mwache atoe sauti, mjibu kama vile amesema jambo la maana.

Mwaka mmoja hadi miwili ni umri wa kidole. “Yuko wapi kuku?” Anaonyesha. Akikuonyesha yeye kitu, ametangulia. Mfuate, hata kama hakihusiani na hadithi. Neno linaloingia upesi ni lile la kitu anachokitazama wakati huo.

Miaka miwili hadi minne ni ya yale mazungumzo tuliyoyaeleza, na ndipo pa kuweka nguvu.

Miaka minne hadi sita unaongeza sauti za lugha, kwa mchezo. Pigeni makofi kwa silabi: ki-ti, nda-la, sa-ma-ki. Kiswahili kinasaidia, maana silabi zake karibu zote zinaishia kwa irabu. Pale panapokwamisha ni “m” na “n” zinazosimama peke yake: m-to-to ni makofi matatu, m-tu ni mawili, n-chi ni mawili. Lakini nyumba ni nyu-mba, siyo nyum-ba, na ng’ombe ni ng’o-mbe. Mtoto aliyefundishwa ba-be-bi-bo-bu peke yake kwa mwaka mzima akikutana na “mtoto” husoma “mu-to-to”, kwa sababu hajawahi kuambiwa kwamba m inaweza kuwa silabi. Makofi yanamwonyesha kabla hajaandika herufi hata moja. Vitendawili navyo viingie hapa, maana mtoto anayetega na kutegua anajifunza kushika maelezo kichwani na kuyapima.

Katika umri huu mwonyeshe herufi ya kwanza ya jina lake ndani ya kitabu, basi. Kugeuza b na d, au kuandika s kinyume, ni kawaida hadi miaka sita na hata saba. Sahihisha kwa kuandika wewe vizuri kando, bila kelele.

Mambo yanayoharibika, na sababu zake

Mtoto anakimbia. Mara nyingi hadithi ni ndefu kuliko umri wake. Punguza: simulia picha kwa maneno yako, kurasa nne, funga kitabu yeye akiwa bado anataka. Wengine husikiliza wakiwa wanachezea gari la kopo pembeni. Endelea kusoma, mwulize swali dogo baada ya ukurasa na utashangaa alivyokuwa anasikia.

Anataka kitabu hicho hicho kila siku. Mpe. Mara ya kumi anasikia maneno ambayo mara ya kwanza yalimpita kwa sababu alikuwa anahangaika na kisa. Ukichoka, ubadilishe swali, siyo kitabu. Unaweza pia kukosea makusudi, “mbuzi akatafuna… sufuria!”, naye akusahihishe kwa kelele.

Kusoma kumegeuka mtihani. Dalili ni kwamba mtoto anatazama uso wako kuliko ukurasa, au anasema “sijui” kabla hujamaliza swali. Acha maswali wiki nzima. Soma tu, ukisema unachokiona wewe: “Mimi naona huyu bibi amekasirika.” Mtoto atarudi mwenyewe. Na kitabu kisitumike kamwe kama adhabu wala kama tuzo inayonyang’anywa.

Mzazi hajui kusoma vizuri. Huyu hana sababu ya kukaa pembeni, kwa kuwa kazi kubwa ni mazungumzo, na picha hazihitaji cheti. Asimulie picha kwa mpangilio, aulize, arefushe majibu. Kaka au dada mkubwa asome maandishi, mzazi aongoze maongezi. Hadithi alizosimuliwa utotoni ni mali tayari. Akiwa na kitabu cha kurasa tupu kama kile cha hapo juu, mkubwa anaweza kuziandika na mdogo akachora.

Dada wa kazi ndiye anayekaa na mtoto mchana. Mwonyeshe hatua hizi mara moja ukiwa naye mkekani, badala ya kumwachia vitabu na maagizo. Kina baba nao wapangiwe siku zao. Jumamosi na Jumapili asubuhi ni mwanzo mzuri kwa anayerudi usiku.

Fisi anatisha. Hadithi zetu nyingi zina kumezwa na kuliwa. Kama mtoto anaota ndoto mbaya, ihamishie hadithi hiyo mchana. Usiifute: mtoto akiisikia mara kadhaa akiwa mapajani, akajua mwisho wake, hofu hupungua.

Jambo moja halisubiri. Kama mtoto hatoi sauti za “ba-ba, da-da” kufikia mwaka mmoja, hana neno hata moja lenye maana akiwa na miezi 16 hadi 18, haunganishi maneno mawili (“mama njoo”) akitimiza miaka miwili, au alikuwa anasema kisha akaacha, mpeleke kliniki. Omba masikio yapimwe kwanza. Kusoma hakutibu uziwi, na “atasema tu, hata baba yake alichelewa” imewagharimu watoto wengi miaka ya thamani.

Akianza kusoma mwenyewe

Darasa la kwanza wazazi wengi huacha, wakisema sasa ni kazi ya shule. Ni mapema mno. Anachoweza kusoma peke yake ni “baba ana bata”, wakati anachoweza kuelewa ni safari, vita na ujanja wa sungura. Ukiacha kumsomea, atadhani kusoma ni “baba ana bata” tu. Gawaneni: asome ukurasa mmoja, nawe usome mitatu.

Akikwama kwenye neno, hesabu ile ile tano. Akiwa bado, ziba mwisho wa neno kwa kidole na ufungue silabi moja moja: a-na-pi-ka. Akishindwa hapo, mtajie neno na muendelee. Kumkazania kwenye neno moja kunamfanya asahau sentensi ilianza vipi. Asipotamka sawasawa lakini maana haikuharibika, mwache amalize sentensi ndipo urudi. Na akikwama kwenye maneno matano au zaidi katika ukurasa mmoja, kitabu hicho bado ni chako wewe kumsomea. Mrudishie baada ya miezi mitatu.